Kofia Nyekundu na Ushindi wa Ugenini



Mafrateri wa mwaka wa kwanza wameuliza tena. Kila mwaka huuliza. Siku ya kazi za mikono, tukiwa kwenye migomba, mmoja wao huiona ile kofia nyekundu iliyochakaa, yenye herufi W iliyopindapinda, akataka kujua kama ni ya shule, ya chama au ya kampuni ya simu. Tukimjibu kuwa ni kofia ya timu ya besiboli, anacheka hadi jembe linamponyoka. Padre mzima, na umri huo! Safari hii tumeona afadhali tuandike, ili jibu liwe moja, maana hata sisi wenyewe tukianza kusimulia huwa hatupatani.

Mwaka 2019 tulikuwa watano jijini Washington: mapadre watatu, sista mmoja, na ndugu mmoja mlei aliyekuwa akisomea uuguzi. Tunaoandika hapa ni wanne. Wa tano ndiye anayehusika zaidi na habari hii, na tumemwomba ruhusa. Alicheka, akasema tuandike, ila tusimfanye mtakatifu.

Tuliishi Brookland, mtaa ambao wenyeji huuita Roma Ndogo kwa sababu ya wingi wa nyumba za watawa na za malezi zilizouzunguka. Ukitoka mlangoni unaliona kuba la buluu la Basilika ya Mama Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Ni mahali pazuri. Lakini uzuri wa mahali haumwondolei mtu ugeni. Kuna baridi, kuna upweke wa jioni, kuna Kiingereza cha darasani kinachokimbia kuliko masikio. Tulizoea kusemezana kwa lugha ya mpira: "Leo nimecheza ugenini, nimefungwa tatu bila." Maana yake mtihani umekuwa mgumu.

Besiboli tulifundishwa na mzee mmoja wa parokia, mwenyeji wa Washington tangu kuzaliwa, aliyekuwa akisimama mlangoni kila Jumapili kugawa vitabu vya nyimbo. Sisi tulimwita Mzee tu, naye alilipenda jina hilo alipojua maana yake. Akiwa kijana aliiona timu ya jiji lake ikihamia Minnesota baada ya msimu wa 1960. Wakaletewa nyingine, nayo mwaka 1971 ikahamia Texas. Jiji likakaa miaka 33 bila timu, hadi mwaka 2005 ilipohamishiwa pale timu ya Montreal na kuitwa Nationals. Uwanja wake mpya ulifunguliwa mwaka 2008, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo Baba Mtakatifu Benedikto XVI akaadhimisha Misa humo. Mzee alikuwepo, na alipenda kusema kwamba uwanja ule ulibarikiwa mapema kwa sababu Roma ilijua utahitaji.

Kwa kweli ulihitaji. Mara nne, mwaka 2012, 2014, 2016 na 2017, Nationals walifika hatua ya mtoano, na mara zote nne wakatolewa kwenye mfululizo wao wa kwanza. Mwaka 2012 waliongoza 6 kwa 0 katika mchezo wa kuamua, nyumbani kwao, wakashindwa. Baada ya msimu wa 2018 nyota wao mkubwa, Bryce Harper, akahamia Philadelphia. Watu wa Washington walikuwa na namna yao ya kuipenda timu hiyo, kama unavyompenda mjomba anayekopa.

Kwa wasioujua mchezo, tuseme kidogo. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi alipoanzia, timu yake imepata alama. Akiupiga ukavuka ukuta, anazunguka kwa raha zake, na yeyote aliyekuwa kituoni anarudi pamoja naye. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Hakuna saa ya kumaliza mchezo. Mchezo hauishi kwa filimbi; unaisha mtu wa mwisho anapotolewa. Sisi tuliozoea dakika 90 ilituchukua muda kuelewa kwamba timu inayoongoza haiwezi kupoteza muda, kwa sababu hakuna muda wa kupoteza.

Aliyeelewa kwanza alikuwa huyu mwenzetu wa tano. Ni padre wa jimbo moja la mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtu mpole, mcheshi akiwa na watu wawili na kimya wakifika watano. Mzee alimfundisha kuandika mchezo kwa penseli kwenye daftari la visanduku, kila mpigaji na mstari wake, kila pigo na alama yake. Tukaanza kumwita Karani. Jioni nyingi alikaa jikoni na redio, daftari mbele yake, akiandika michezo ya timu ambayo hakuna aliyetaka kuiangalia. Tarehe 23 Mei walikuwa wameshinda 19 na kushindwa 31. Magazeti yaliuliza kocha Dave Martinez atafukuzwa lini.

"Hawa ndio timu yangu," Karani alisema. "Tunafanana."

Tulijua anachosema. Alikuwa ameshindwa mtihani mmoja mara mbili, ule ambao bila kuupita huwezi kuendelea. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani. Na ndani ya droo ya meza yake kulikuwa na barua kwa askofu wake, imeandikwa tayari, akiomba kurudi. Tuliiona kwa bahati mbaya siku tuliyokuwa tukitafuta stapla. Hatukumwambia tumeisoma. Tulifanya jambo baya zaidi: tulianza kumtia moyo.

Timu nayo ikatusaidia. Kuanzia mwezi wa Juni ilianza kushinda. Mchezaji mmoja, Gerardo Parra, aliyekuwa hapati kitu kwa gongo lake, alichagua kupigiwa Baby Shark, wimbo ambao binti yake mdogo aliupenda, kila alipokuwa akienda kupiga. Mambo yakabadilika, na uwanja mzima, majaji na mawakili wa Washington pamoja na watoto wao, wakawa wanapiga makofi kwa mikono iliyonyooka kama mdomo wa papa. Sista aliyaiga vizuri kuliko sisi wote. Ilikuwa timu ya wachezaji wenye umri mkubwa kuliko zote kwenye ligi, wenye viwiko vibovu na migongo mibovu. Kocha mwenyewe alipelekwa hospitali mwezi wa Septemba kwa maumivu ya kifua. Walimaliza kwa ushindi 93, wakaingia mtoano kwa mlango wa uani.

Tarehe 1 Oktoba walicheza mchezo mmoja wa kufa na kupona na Milwaukee. Zamu ya nane wako nyuma 3 kwa 1; kijana wa miaka 20 kutoka Dominikana, Juan Soto, akapiga mpira uliompita mlinzi wa kulia, wakaingia watatu. Kisha Los Angeles, timu yenye ushindi 106. Mchezo wa tano, ugenini, tena zamu ya nane, tena nyuma 3 kwa 1: Anthony Rendon akauvusha ukuta, na mpira uliofuata palepale Soto naye akauvusha. Katika zamu ya kumi Howie Kendrick, mzee wa miaka 36 aliyekatika mshipa wa kisigino mwaka mmoja kabla, akaupiga wa kuvuka ukuta vituo vyote vikiwa na watu. Karani aliandika alama nne ndani ya kisanduku kimoja hadi penseli ikatoboa karatasi. St. Louis waliwashinda nne kwa bila. Hapo hatukulala vizuri, lakini kwa furaha.

Ikabaki World Series, na Houston. Timu hiyo ilikuwa na ushindi 107, warushaji wa kuogopwa, na kila mjuzi wa redioni aliwapa wao ubingwa. Anayetangulia kushinda michezo minne kati ya saba ndiye bingwa. Miwili ya kwanza ilichezwa Houston, na Nationals wakaichukua yote miwili: 5 kwa 4, halafu 12 kwa 3. Mzee alituletea keki. Wakarudi Washington kwa michezo mitatu nyumbani, mbele ya watu wao wenyewe, na wakafungwa yote mitatu. Yote mitatu! Siku ya mchezo wa tano mrushaji wao mkubwa, Max Scherzer, alishindwa hata kuinuka kitandani kwa maumivu ya shingo.

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa kama ya matanga. Karani peke yake hakuwa na huzuni. Alitunyooshea daftari. "Angalieni. Michezo mitano, na mara zote tano aliyeshinda ni mgeni. Sasa wanakwenda ugenini."

Tarehe 29 wakashinda 7 kwa 2, mchezo ambao kocha alitolewa nje kwa kubishana na waamuzi hadi wasaidizi wake wakamshika mwili. Tukakumbuka ule moyo wake wa Septemba, Sista akafanya ishara ya msalaba. Ikabaki mmoja.

Jumatano tarehe 30 Oktoba tulisali Masifu ya Jioni mapema kuliko kawaida, tuseme ukweli, na kwa kasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Maelfu ya watu walikwenda kwenye uwanja wa Washington kuangalia kwenye skrini kubwa mchezo uliokuwa ukichezwa Houston, wakilowa, huku nyasi zikiwa tupu mbele yao. Sisi tulikaa sebuleni na Mzee, wali wa nazi mezani. Binamu yake Sista anaishi Houston. Walikuwa wakitumiana ujumbe kila dakika, kwa heshima mwanzoni.

Saa za mwanzo zilikuwa mateso. Scherzer alirudi, shingo ngumu, kila zamu akiwa na watu vituoni, akivuja jasho kama anabeba gunia. Houston waliongoza 2 kwa 0. Mrushaji wao Zack Greinke alikuwa haguswi. Mzee aliacha kuangalia televisheni, akawa anaangalia daftari la Karani tu, kana kwamba habari za pale zingekuwa nzuri zaidi. Ujumbe wa Houston ukawa mrefu na wa furaha.

Zamu ya saba Rendon aliuvusha ukuta. 2 kwa 1. Soto akapewa kituo cha bure. Houston wakamtoa Greinke, wakaleta mwingine. Kendrick, yuleyule, akaupiga mpira kuelekea kulia, mbali, ukienda huku ukipinda, nasi tukawa tunaupulizia kwa midomo. Ukagonga nguzo ya manjano iliyosimama kwenye mpaka wa uwanja. Nguzo ile ikigongwa, pigo ni halali. 3 kwa 2.

Hapa lazima tueleze jambo moja, maana bila hili hamtaelewa kwa nini tulicheka hadi machozi. Kwa Kiingereza nguzo hiyo huandikwa herufi kwa herufi kama neno letu "pole." Mzee aliruka akipiga kelele kwamba mpira umegonga "pole," Sista akaandika kwa binamu yake Houston neno hilo moja tu, "Pole," na yule binti hakujibu hadi Krismasi.

Patrick Corbin alirusha zamu tatu bila kuruhusu kitu, wenzake wakaongeza hadi 6 kwa 2, na kabla kidogo ya saa sita usiku Daniel Hudson akamtoa mtu wa mwisho. Uwanja wa Houston ulinyamaza. Tuliisikia televisheni ikiwa kimya kile cha ajabu: watu wachache wamekumbatiana katikati ya nyasi wakipiga kelele, na maelfu wamesimama wamewazunguka bila sauti, kama wageni wanaocheza ngoma kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba amekwenda kulala. Michezo saba, na yote saba aliyeshinda ni mgeni. Haikuwahi kutokea.

Mzee hakushangilia mara moja. Alikaa. Akatuambia kuwa ubingwa wa mwisho wa Washington ulikuwa mwaka 1924, kabla yeye hajazaliwa, na kwamba baba yake alimsimulia kila majira ya baridi jinsi Walter Johnson, naye akiwa na miaka 36, alivyoingia zamu za mwisho za mchezo wa saba, na jinsi mpira wa ushindi ulivyogonga kijiwe ukamruka mlinzi wa New York. "Baba alikisifu kile kijiwe kama masalia ya mtakatifu," alisema. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, na Karani akamkamata mkono wakatoka nje mvuani. Tukawafuata. Mtaa mzima ulikuwa nje na sufuria. Roma Ndogo, usiku wa manane, watawa wa Kifransisko, wanafunzi, dereva wa basi aliyesimamisha basi lake akapiga honi kwa mdundo. Nyumbani Tanzania ilikuwa asubuhi. Mama yake Karani alipigiwa simu, akatusikia tukiimba, akauliza kama kuna upadrisho.

Maandamano ya ubingwa yalifanyika Jumamosi, tarehe 2 Novemba, Siku ya Kuwaombea Marehemu Wote. Padre huruhusiwa kuadhimisha Misa tatu siku hiyo. Karani aliadhimisha zote tatu, ya tatu akamwombea baba yake Mzee, kisha tukapanda treni kwenda Constitution Avenue. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba tuliona kofia tu. Kendrick alipita juu ya gari, au pengine alikuwa mwingine. Tulishangilia hata hivyo.

Kwenye treni ya kurudi mmoja wetu alisema lile ambalo wote tulikuwa tumeliweka tayari. Kwamba sasa Karani ameona. Kumi na tisa kwa thelathini na moja, na bado mabingwa. Kwamba mtihani wa Januari ni mchezo wa saba.

Alituangalia kwa upole.

"Barua nimeituma," alisema. "Alhamisi asubuhi, nikitoka Misa."

Alhamisi. Yaani tulipokuwa bado sauti zimetukauka, sufuria hazijaoshwa, yeye alikuwa amekwenda posta. Mlei wetu aliuliza imekuwaje, baada ya ushindi wote ule. Karani alijibu bila uchungu wowote, na jibu lake tumelibeba miaka yote hii:

"Walishinda wao, ndugu zangu. Mimi nilishangilia tu."

Hatukusema kitu hadi Brookland. Sisi mapadre tuna ugonjwa mmoja, na mafrateri mnaosoma hapa jiangalieni mapema: hakuna kinachotokea mbele yetu bila kukigeuza homilia. Jumapili ya kesho yake Injili ilikuwa ya Zakayo, na mmoja wetu alikuwa ameshaandika ukurasa mzima juu ya mtu mfupi aliyepanda mti na timu ndogo iliyopanda juu. Usiku ule aliufuta. Lakini tulichomfanyia Karani kilikuwa kibaya kuliko homilia mbovu. Kuanzia Juni hadi Oktoba kila ushindi tulimgeuzia yeye. Tulimfanya acheze mchezo ambao si wake, jikoni, na penseli. Mtu alikuwa amepata kitu kimoja cha kumfurahisha katika nchi ya ugeni, nasi tukakifanya kuwa kazi ya nyumbani. Mzee, ambaye hakusoma teolojia hata siku moja, hakuwahi kumwambia neno juu ya mtihani. Alimnunulia penseli.

Tulimwomba msamaha, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja wetu alichukua miaka miwili.

Askofu wake alikubali. Karani aliondoka mwezi wa Desemba na sanduku moja, na Mzee alimsindikiza hadi uwanja wa ndege akiwa amevaa kofia. Mama yake aliishi miezi kumi na minne zaidi, na yeye alikuwa parokia ya jirani, mwendo wa pikipiki. Ndiye aliyempaka mafuta na ndiye aliyemzika. Sasa ni paroko mwenye vigango tisa. Waliobaki walimaliza masomo, mwingine kwa alama nzuri, mwingine kwa alama ambazo hatutaziandika.

Tumesikia kuwa Dar es Salaam, pale Azania Sekondari, Wajapani walisaidia kujenga uwanja wa besiboli na vijana wanacheza. Tulimwandikia Karani kumwuliza kama angependa twende pamoja kuangalia, akijaliwa kuja mjini. Alijibu kwamba anakuja mwezi wa Agosti kutafuta mabati ya kigango, na kwamba tumtafutie penseli, kwa sababu daftari bado analo.

Daftari hilo tuliliona alipotutembelea mwaka jana. Ukurasa wa mchezo wa saba umepata maji ya mvua, wino wa mistari umetawanyika, lakini penseli inasomeka. Zamu ya saba, Kendrick, ile nguzo: ameichora, imesimama wima ndani ya kisanduku. Zamu ya tisa, mtu wa mwisho wa Houston, kisanduku ni cheupe. Tulimwuliza kwa nini hakukijaza. Alisema alikuwa ameshasimama.